Mwenzake Zumari

Katika picha mia tatu na kumi na mbili za onyesho la kwanza, hakuna hata moja iliyomwonyesha Zumari akiwa amefungua mdomo.

Mpiga picha alizipitia zote asubuhi, akiwa amekaa kitandani katika chumba cha hoteli, kompyuta mapajani na chai ikipoa pembeni. Mpiga ngoma alionekana vizuri, jasho likimruka. Mpiga gitaa alikuwa ametoa ulimi kama kawaida yake. Watu wa mstari wa mbele walikuwa wamepanua vinywa kama makinda ya ndege. Katikati ya jukwaa alisimama Zumari, mwimbaji mwenyewe, amekamata kipaza sauti kwa mikono miwili, mishipa ya shingo imemsimama, na midomo imebanwa kama bahasha iliyogundishwa.

"Nimezeeka," alijisemea, akacheka peke yake. Miaka ishirini ya kupiga picha za harusi, yeye aliyekuwa akilidaka chozi la bibi harusi kabla halijafika shavuni, leo amekosa mdomo wa mwimbaji mara mia tatu!

Kazi hii alipewa na mdogo wake wa kiume, meneja wa bendi na mume wa Zumari. Miji tisa kwa siku kumi na nane, na mwishoni kitabu cha picha. "Dada, sitaki za jukwaani tu," alimwambia. "Nataka maisha. Akila, akisinzia kwenye basi, akipiga mswaki." Alikubali haraka. Bendi nzima ikaanza kumwita Dada Picha kabla hata hajapata kiti chake ndani ya basi. Zumari alikuwa wifi yake kwa miaka minane, lakini walijuana kwa harusi na misiba zaidi kuliko kwa maneno.

Katika mji wa pili alisogea hadi chini ya jukwaa na kuiweka kamera ipige picha kumi kwa sekunde moja. Kwa macho yake aliuona mdomo wa Zumari ukifunguka mpaka magego. Aliisikia sauti ikitoka, sauti ile laini inayoteleza, iliyowafanya watu wazima wajifute machozi bila aibu. Aliporudi chumbani akafungua picha. Midomo ilikuwa imefungwa. Safari hii aliona na jambo la pili: katika kila picha Zumari alikuwa anaitazama lenzi moja kwa moja, ilhali Dada Picha alikumbuka vizuri kwamba usiku ule wifi yake aliimba ameinua uso juu kwenye taa, mwanzo mpaka mwisho.

Alimwonyesha mdogo wake.

"Lenzi yako mbovu," meneja alisema bila kukaa.

"Mpiga gitaa katoka vizuri. Lenzi haichagui mtu."

"Basi tumia za mgongoni," alisema, akatoka na simu sikioni.

Kuanzia hapo Dada Picha alianza kuangalia kwa makini yale ambayo wengine wa bendi walikwishayazoea. Mchana Zumari hakuwa akisema. Aliandika kwenye kijidaftari: *maji*, *dirisha*, *asante*. Walisema anapumzisha koo. Jioni tu, kabla ya onyesho, alijifungia na simu, na nje ya mlango alisikika akiongea na bintiye wa miaka sita aliyebaki kwa bibi yake mzaa mama, akimbembeleza, akimchekesha. Kisha kulikuwa na ile harufu. Ilikuwa harufu ya kutu na maji yaliyolala, kama ya pipa la bati lililosahaulika uani. Dereva alisimamisha basi mara mbili, akaingia chini kutafuta panapovuja. Alitoka na vumbi magotini, hajaona hata tone.

Katika mji wa nne, saa sita mchana, Dada Picha aliingia chumbani kwa wifi yake kupiga picha za maisha. Meneja alikuwa ameshatangulia ukumbini. Zumari alikaa ukingoni mwa kitanda akishona nguo ya jukwaani iliyoachia pindo, uzi umefungwa kidoleni, sindano ameibana kwa midomo. Mwanga wa dirishani ulikuwa mzuri. Dada Picha akapiga mbili, akapiga ya tatu, na ndipo mtu akaanza kuimba bafuni.

Ilikuwa ni sauti ya Zumari ikijinyoosha kama wafanyavyo waimbaji kabla ya kazi, ikipanda ngazi na kushuka, a-a-a-a-a, taratibu, bila haraka. Dada Picha alidhani ni simu. Akatabasamu. Kisha akamtazama wifi yake, akaiona sindano bado iko palepale kati ya midomo miwili, na juu ya sindano macho yamejaa maji.

Bafuni sauti ikanyamaza. Halafu ikaita, kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kuletewa taulo:

"Wifi? Upo hapo?"

Zumari aliitema sindano na kumrukia, akamziba mdomo kwa kiganja.

"Usimjibu."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza Dada Picha kuisikia sauti ya wifi yake tangu aanze kuwa maarufu. Ilikuwa kama msumeno kwenye ubao mbichi.

Walikaa wamekumbatiana mpaka harufu ya kutu ilipopungua. Kisha Zumari akawasha feni hadi mwisho ili ngurumo yake iwafunike, akasogea karibu na sikio la wifi yake.

"Unakumbuka nilipopasuliwa koo?"

"Miaka minne sasa. Walisema ni kiuvimbe tu."

"Daktari alisema kuongea nitaongea, kuimba nisahau. Nyuma ya wodi, karibu na chumba cha kufulia, kulikuwa na tangi kuukuu la maji, la chuma, tupu. Nilikuwa naingia humo kulia, maana wodini watu wanakutazama. Siku moja nikajaribu kuimba. Ikatoka hii takataka unayoisikia. Lakini mwangwi uliorudi, wifi, ulirudi msafi. Nikasema ni bati hilo linanidanganya. Kesho yake nikarudi. Kesho kutwa nikarudi. Nikawa naenda kumsikiliza tu. Kisha ikaja siku nimeingia, nimekaa, sijafungua mdomo, yeye akaanza."

"Nani?"

"Mwenzangu." Alilitamka neno hilo kwa kunong'ona, akitupia jicho mlango wa bafu. "Aliniuliza, nije? Nikamwambia, njoo. Nilikuwa nalia, wifi. Ningemwambia ndiyo hata kama angeomba macho yangu."

Feni ilinguruma. Dada Picha aligundua kwamba ameishika kamera kifuani kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtoto.

"Mwanzoni alikuja jukwaani tu, akimaliza anaondoka. Sasa haondoki. Simu ya jioni siyo mimi ninayeongea, mimi naishika tu. Wiki iliyopita kamwambia mwanangu, mama akirudi atakufundisha kuimba. Mimi sikusema hivyo. Mimi nilikuwa nimekaa pale nasikia, kama wewe unavyosikia redio." Akajipangusa uso kwa ile nguo. "Ndiyo maana nilimwandikia mume wangu akuite. Nilitaka mtu mmoja tu aone. Kila ukinielekezea kamera, nakutazama."

Jioni hiyohiyo Dada Picha alimvuta mdogo wake nyuma ya pazia la jukwaa.

"Unajua?"

Meneja hakuuliza anajua nini. Alitazama viatu vyake, akamtazama dada yake. "Najua watu kumi na mmoja wanakula kwa koo lile. Najua mke wangu alikuwa anataka kufa, na sasa yuko hai. Dada, wewe piga picha. Mengine niachie."

"Na mtoto je?"

"Mtoto yuko kwa bibi yake. Yuko salama." Lakini alilisema haraka mno, na mkono wake ulikuwa ukipapasa ukuta kama mtu anayetafuta swichi ya taa.

Aliyemsaidia ni fundi mitambo wa sauti, mtu mnene, mpole, asiyependa mazungumzo, ambaye siku zote alikuwa nyuma ya ukumbi na mashine yake ya vitufe. Siku mbili baadaye, wakati wa kufunga nyaya, alimwita Dada Picha kwa kidole. Akamwonyesha taa ndogo za kijani za kupimia sauti: za gitaa, za ngoma, za kinanda. Kisha akamwonyesha za Zumari.

"Hizi haziwaki. Mwaka wa pili sasa," alisema. "Kipaza sauti chake nilikikata siku moja kwa makosa, ukumbi ukaendelea kujaa sauti. Nikaogopa kukichomeka tena. Nikanyamaza. Mama yangu mzazi alikuwa anatibu waliopagawa na majini. Alitaka kuniachia kazi, mimi nikakimbilia kwenye nyaya. Kumbe hata huku wapo."

Dada Picha akamsimulia yote, picha na ya bafuni, kisha akauliza: "Anatolewaje?"

Alikuna kidevu. "Huyu alikaribishwa, na aliyemkaribisha ndiye wa kumfukuza. Lazima wifi yako aimbe mwenyewe, kwa koo lake lilivyo, wimbo mzima. Na iwe jukwaani, maana jukwaani ndipo yule anapotoka mzima. Akisikia nafasi yake ina mwenyewe, hana pa kukaa."

"Na akijifanya katoka?"

"Hapo ndipo unapoingia wewe. Ataigiza huo ukwaruzo, sote tutadhani ni wifi yako. Masikio yetu ameyazoea, macho yetu anayachezea. Ila kamera yako hajaiweza. Mdomo ukifunguka kwenye picha, ujue kweli ni yeye. Na neno moja, Dada Picha. Atakuita. Atamwita kila anayemjua. Anayemjibu ndiye anayempa kiti kipya."

Wao wawili na Zumari walichagua mji wa nane. Ukumbi ulikuwa ghala la zamani, madirisha yake yako juu karibu na paa, na saa kumi na mbili jioni jua lilikuwa bado linaingia kwa vipande virefu vya rangi ya chungwa. Watu walijaa hadi milangoni. Dada Picha alipiga magoti ubavuni mwa jukwaa. Fundi mitambo alikuwa kule nyuma na tochi mkononi. Walikubaliana: Dada Picha akikunja mikono, tochi itawaka mara moja ili Zumari aione, maana yake bado, endelea. Akiinua mkono juu, tochi itazunguka, maana yake umefika.

Wimbo wa kwanza sauti ilitoka tamu kuliko siku zote. Wa pili ukaanza, na katikati yake Zumari aliwageukia wanabendi na kuwapungia wanyamaze. Gitaa likakatika, ngoma zikafa. Sauti laini iliendelea peke yake kidogo, ikashtuka, ikanyamaza nayo. Ukumbi mzima ulisubiri.

Ndipo ukaja ule msumeno, ukikwaruza, ukikosa noti. Mtu alicheka. Dada Picha moyo ulimpasuka kwa furaha, akabonyeza, akatazama kioo kidogo nyuma ya kamera.

Midomo ilikuwa imefungwa.

Akakunja mikono. Tochi ikawaka mara moja. Zumari akaiona, na uso wake ukabadilika, akaelewa kwamba anachokisikia kikitoka kwake hakitoki kwake. Akatupa kipaza sauti chini. Akaingiza vidole vyake viwili kinywani na kuanza kuitenganisha midomo yake mwenyewe mbele ya watu elfu mbili, ambao waliona mwanamke aliyekwisha kufungua mdomo anajichokonoa kama aliyeingiwa na wazimu, na wengine wakaanza kupiga mbinja, na wengine wakatoa simu.

Dada Picha alibonyeza, akatazama, akabonyeza, akatazama. Bado. Bado. Harufu ya kutu ilishuka kutoka darini nzito kama blanketi lililoloa, na sasa sauti haikutoka jukwaani tena bali ilitoka kwenye spika zilizozimwa, ikatoka chini ya ngazi, ikatoka nyuma ya mlango wa choo, ikimwita kwa upole uleule wa bafuni, wifi, wifi yangu, nisaidie, wananiua, na alipoziba sikio moja kwa bega ikaingilia la pili ikiwa sauti ya marehemu mama yake, ikimwita kwa jina lile la utotoni ambalo hakuna aliyebaki duniani kulijua, ikimuuliza kwa nini hajibu, amekosea nini mama yake hata asijibiwe, na yeye akauma mkanda wa kamera mpaka akaonja ngozi na chumvi, machozi yakimwagika juu ya kile kioo kidogo, na aliendelea kubonyeza na kutazama, kubonyeza na kutazama, mpaka katika picha moja akaona ufa mweusi mwembamba kama uzi kati ya midomo, na katika iliyofuata ncha za meno, na katika iliyofuata ulimi.

Aliinua mkono juu. Kule nyuma tochi ikazunguka.

Zumari aliimba. Lilikuwa jambo la kusikitisha kulisikia. Sauti ilipasuka, ikapotea, ikarudi, ikakosa kila mahali pa juu. Aliimba huku amepiga magoti, bila ala, beti zote nne, na ubeti wa mwisho alipoumaliza, kile kipaza sauti kilichokuwa sakafuni kikaanza kutoa maji ya kahawia, taratibu, yakasambaa juu ya mbao na kudondoka ukingoni. Harufu ikavuma mara moja kama mlango uliofunguliwa, kisha hewa ikawa hewa.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walinung'unika, viti vikaburuzwa, mtu mmoja akatukana, na ukumbi ukamwagika nje. Dada Picha hajawahi kufurahia watu kuondoka namna ile.

Mdogo wake alikuwa amesimama peke yake katikati ya viti vitupu.

"Umeniua, dada," alisema.

"Panda basi twende nyumbani."

"Nendeni. Nitafuata. Acha nimalizane na wenye ukumbi." Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza mvua ya mbali. Dada Picha alikuwa amechoka, na wifi yake alikuwa amemwegemea kwa uzito wake wote. Hakuuliza anasikiliza nini.

Njia nzima Zumari aliongea. Alikwaruza habari za utoto wake, akasoma vibao vya barabarani kwa sauti, akamtania dereva kuhusu kipara chake mpaka basi zima likacheka. Walifika nyumbani kesho yake adhuhuri. Bintiye alitoka mbio hadi kibarazani, akaisikia ile sauti ikimwita, akasimama. Akarudi nyuma ya gauni la bibi yake.

"Sauti yako imeharibika."

Zumari alichuchumaa. "Hii ndiyo yangu, mwanangu. Ile nyingine nilikuwa nimeazima."

Mtoto alifikiri. "Inauma?"

"Hapana. Sasa haiumi."

Akaja hatua moja, akaja ya pili, akamwekea mama yake vidole kooni kama daktari, na Zumari akaangua kilio pale pale sakafuni. Bibi akaenda kuchemsha maji ya kuoga. Dada Picha akavua viatu. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili mabega yake yalishuka.

Simu ikaita ndani ya mkoba wa Zumari. Mtoto alizoea kupokea simu ya mama, akaiwahi. Polepole akatabasamu.

"Ni baba," alisema. "Anaimba."

Dada Picha aliisikia kutoka alipokaa, ikichuruzika kwenye kile kitundu cha simu, laini, inayoteleza. Mdogo wake hakuwahi kuimba. Shuleni walimwimbisha mstari wa nyuma na mwalimu akamwambia asogeze midomo tu, asiwaharibie wenzake. Dada Picha ndiye aliyembeba mgongoni mdogo wake huyo utotoni, akamfundisha kufunga kamba za viatu, na leo alikuwa peke yake katika ghala tupu, safari ya siku nzima kutoka hapo, na yeye dada yake ndiye aliyemwacha huko.

Zumari alimnyang'anya mtoto simu na kuikata. Ikaita tena. Akaikata. Ikaita. Mwishowe akaiweka juu ya meza, ikawa inatetemeka na kujisogeza yenyewe kuelekea ukingoni, na wanawake watatu, bibi naye amerudi, wamekaa kuizunguka, mikono mapajani, hakuna anayemtazama mwenzake.

"Shangazi," mtoto aliuliza, "mbona hamumjibu baba?"